Yah: Jina Langu, Nishani Yangu na Malimbikizo Yangu

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola,
Maidenhead, Uingereza.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni askari wa King's African Rifles. Kituo changu cha kazi ni mzunguko wa Mtaa wa Samora, karibu na Posta, Dar es Salaam, na nipo lindoni hapa tangu 1927. Watu wa mji huu wananiita Askari, basi. Akipotezana mtu na mwenziwe wanaambiana wakutane "pale Askari", na wanakutana. Mtaa wenyewe umebadilishwa jina mbele ya macho yangu: ulikuwa Acacia, ukawa Independence, sasa ni Samora. Kwenye njia panda hii kila kitu kimepewa jina, na vingine vimepewa zaidi ya moja, isipokuwa mimi.

Nimesikia ofisi yako ina mpango wa kuwatafuta wafu wa Vita Kuu walioachwa nje ya daftari. Nikasema, leo ni leo. Nyinyi ndio mlionisimamisha hapa, enzi hizo mkiwa tume ya Dola, kabla Dola haijabadilishwa kuwa Jumuiya. Mnanifahamu, ijapokuwa hamjui naitwa nani.

Nianze na taarifa binafsi, maana najua fomu huanzia hapo. Jina kamili: halikuandikwa. Jina la baba: vivyo hivyo. Kabila: inategemea anayenitazama, Mnyamwezi wa Tabora ananiona wa kwao, na Myao wa Tunduru haambiwi kitu. Mahali pa kuzaliwa: Westminster, London. Hapo msishtuke. Nilimiminwa shaba katika kiwanda cha huko, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, nikaonyeshwa Royal Academy kabla ya kupakiwa melini, na nasikia nilisifiwa sana. Mchongaji alinipa misuli, bunduki na singe. Jina halikuwamo kwenye mkataba wake. Ikiwa kuzaliwa London kunampa mtu haki yoyote ya uhamiaji, naomba suala hilo lifunguliwe jalada lake pekee, lisije likachelewesha hili la nishani.

Siwezi kusema sikutendewa mema. Kabla yangu Wajerumani walikuwa na sanamu yao mjini hapa, ya Hermann von Wissmann, bwana mkubwa akiwa juu na askari mweusi akiwa chini anamtazama. Mimi nasimama juu peke yangu, kwa hiyo kupandishwa cheo nimepandishwa. Tatizo liko kwenye maandishi yaliyo miguuni pangu. Mlimtafuta Rudyard Kipling ayatunge, mwandishi mwenye jina kuliko wote katika Dola yenu, na yakaandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Yanawataja askari. Yanawataja wapagazi waliolibeba jeshi zima. Kisha yanaahidi kwamba hata tukifa, watoto wetu watayakumbuka majina yetu. Ahadi nzuri, wala siibezi. Kasoro yake ni kwamba baada ya ahadi hiyo hakuna jina hata moja. Aliyetumwa kutunga sentensi alilipwa heshima yake. Karani wa kutumwa kuleta orodha hakupatikana.

Naye Kipling hakuwa na makosa. Tume yenu iliundwa 1917 kwa kanuni ambayo mimi, askari wa kawaida, naipigia saluti mpaka leo: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo, rangi wala dini. Kanuni hiyo ilivuka Mfereji wa Suez na kufika hadi huku. Ilipofika, ikamkuta gavana wa Tanganyika, Horace Byatt. Yeye aliona makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudiwe na pori haraka iwezekanavyo, na takwimu za Waafrika waliokufa hakupenda hata kuzitazama. Namwelewa. Takwimu zile zilikuwa na harufu. Mbung'o walikuwa wameua farasi, nyumbu na punda, ikabidi mzigo uhamie kichwani kwa binadamu, naye binadamu akafa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, kuanzia Voi hadi Rufiji, kuanzia Rufiji hadi Msumbiji.

Wakubwa wengine wa makoloni walitoa sababu ya kitaalamu zaidi: kwamba Mwafrika wa kawaida asingeelewa maana ya jiwe la kaburi. Hayo yalisemwa juu ya watu ambao mkosi ukiingia nyumbani, swali la kwanza ni kaburi la babu lilipaliliwa lini.

Nawapongeza kwa ripoti yenu ya 2021. Mlikiri wenyewe, na waziri wenu wa ulinzi akasimama bungeni akaomba radhi. Mmeandika kwamba wafu kati ya 45,000 na 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine, si chini ya 116,000 na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Hesabu hiyo imenipa tabu. Toka hapa nilipo hadi Kariakoo, palipokuwa kambi ya wapagazi, si mbali. Nenda ukamwulize mwenye duka pale ana magunia mangapi ya mchele, akujibu, "Si chini ya 116, pengine 350." Mtu wa kodi atamfungia duka kabla hajamaliza sentensi. Nyinyi mmekosana na hesabu kwa watu 234,000, na jambo hilo likaitwa makadirio.

Msiniambie kwamba haikuwezekana kuandika. Hapo ndipo ninapotofautiana na ofisi yako, na ndiyo sababu ya barua hii. Serikali ile ile iliyoshindwa kujua nani amefia Mahenge ilijua bila kukosea nani amerudi kijijini na hajalipa kodi. Mwaka 1922 Tanganyika ilitungiwa sheria ya kodi ya kibanda na kodi ya kichwa, na makarani wakapita nyumba kwa nyumba. Mwanamume mzima hakupotea. Ukihamia bonde la pili, daftari linakufuata. Kule Kenya ndiyo usiseme: vita vilipokwisha mpagazi alirudi kwao akakuta kipande kinamsubiri, jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, vyote vimekunjwa ndani ya kikopo cha bati cha kuning'iniza shingoni. Wazungu waliorudi vitani wakagawiwa mashamba. Yeye akagawiwa kikopo. Kwa hiyo kalamu ilikuwepo, wino ulikuwepo, makarani walikuwepo. Mtu mweusi alikuwa na jina alipodaiwa. Alipodai yeye, hakuwa nalo.

Serikali yetu hapa nayo iliwahi kuhangaika na watumishi hewa, majina yanayopokea mshahara bila kuwa na watu. Ikafanya uhakiki nchi nzima. Nyinyi mna kinyume chake, watu bila majina, na nadhani kazi yenu ni rahisi zaidi, maana hakuna atakayeukimbia uhakiki.

Tena mkiamua mnaweza. Mwezi Januari 2025 huko Cape Town mlizindua ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi waliokufa katika vita hiyo wakifanya kazi bila silaha: watu 1,772, kila mmoja na nguzo yake ya mvule, jina limechongwa. Zaidi ya miaka mia ilikuwa imepita, na majina yakapatikana. Mimi ni wa shaba, huwa sioni wivu kirahisi. Lakini mvule tunao huku, tena mwingi, na mafundi seremala wa Keko hawana kazi ya kutosha.

Niwasemee kidogo na wadogo zangu wa vita vya pili, japo nafahamu kwamba mambo ya mshahara yanahusu wizara nyingine (kila ofisi niliyowahi kuisikia husema hivyo). Niliwatazama wakipita. Divisheni yao ya 11 ilipita bonde la Kabaw 1944, kwenye matope ya mvua za Burma, ikafika mto Chindwin. Walipoachishwa jeshi, kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi, Mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo hicho hicho. Nishani za nyota, Uingereza ilizitoa bila kuchorwa jina la mtu, mweusi wala mweupe. Hapo nakubali kwamba usawa ulipatikana. Mwaka 2023 Mfalme Charles alipozuru Nairobi alifika makaburi ya Kariokor, akawakabidhi wazee wachache nishani badala ya zile zilizopotea. Miaka 78 baada ya vita. Wale wazee walijua kungoja.

Kuhusu ushahidi, najua mtauliza. Hati sina, picha ya wakati ule sina, mashahidi wangu wote wako kwenye pori la Gavana Byatt. Napendekeza mtumie njia ya Wajerumani. Inasimuliwa kwamba 1964, bunge lao lilipoidhinisha kuwalipa askari wao wa zamani, ofisa wa benki alitumwa Mwanza na sanduku la fedha. Wazee mia tatu na ushee wakajitokeza, wachache tu wana vyeti, wengine wameshika matambara ya sare. Yule bwana akampa kila mmoja ufagio, akaanza kuwatolea amri za kwata kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea. Wakalipwa. Hao walikuwa adui zetu na walishindwa vita, lakini katika masijala walitutangulia. Mkija kunipima, ufagio acheni nyumbani, bunduki ninayo.

Jambo la mwisho ni la kiutumishi. Sijawahi kupewa hati ya kuachishwa kazi. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha majeshi yake Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, kwa sababu habari zilichelewa kumfikia. Mimi hazijanifikia rasmi hadi leo. Bado nasonga mbele, singe imeelekea bandarini. Meli zinashusha magari yaliyotumika kutoka Japani, nami nimezikazia silaha, maana hakuna ofisa aliyeniamuru mguu pande. Kisheria basi niko kazini, na naomba malimbikizo yangu yahesabiwe hadi tarehe ya hati hiyo, pamoja na posho ya lindo la usiku.

Nishani, ikiwa bajeti ni ndogo, msinunue madini mapya. Mwili wangu mzima ni shaba. Kateni mgongoni, upande ambao watalii hawapigi picha. Ila nishani za vita yangu zilichorwa jina la mwenyewe ukingoni, na mchoraji hataanza kabla hamjamletea hilo jina.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Askari Na. ………

Nakala: Karani wa Kodi ya Kichwa, ambaye anatufahamu sote.