Kamati ya Remoroki

Ukitaka kujua habari za magari hapa Uvira, usimuulize mwenye gari. Mwenye gari ana haraka, ana madeni, na mara nyingi yuko karajini. Muulize anayetembea kwa miguu kutoka Mulongwe hadi Kalundu. Huyo ana wakati, na magari yote yamempita. Ndiyo maana kamati ya ukoo wetu, ile ya kuchagua gari la kuvuta mzigo hadi Rurambo, ilijaa watu wenye maarifa mengi na ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kushika usukani. Mimi nilikuwa mwandishi wa kamati.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Shangazi alikuwa amenunua mashine ya kusaga: kinu pamoja na injini ya mazutu, ile aina ya Lister inayotengenezwa Rajkot huko India, yenye silinda moja na magurudumu mawili mazito ya chuma pembeni. Injini hiyo ikiwaka, kijiji kizima kinajua leo kuna unga. Alitaka mashine ikae Rurambo, ambako mahindi na mihogo havikosekani. Tatizo ni kufika. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mitumba inayotuangalia kwa nyuma ina vilele vinavyopita mita 3,000. Rurambo iko huko milimani. Njia ya kupanda ilichorwa na ng'ombe, watu wakaifuata, pikipiki zikaiga.

Basi ikaamuliwa tununue gari kubwa la kuvuta remoroki yetu. Litapandisha mashine, kisha litakuwa likiteremsha maharagwe na viazi hadi sokoni. "Gari litajilipa lenyewe," alisema Baba Mdogo. Maneno hayo nimeyasikia kabla ya kila deni ninalolifahamu katika ukoo huu.

Tukakutana chini ya mwembe, tukala ndagala, tukaanza. Baba Mdogo alitaka Land Cruiser nyeupe yenye antena ndefu mbele, kama zile za mashirika. Nikauliza antena inahusiana vipi na kuvuta mzigo. Akajibu kwamba gari lenye antena halisumbuliwi kwenye bariere. Hoja ikaandikwa.

Mpwa wetu aliyeko Marekani naye hakutaka kupitwa. Akatuma picha za Ram 3500, lile pikapu lenye matairi manne nyuma, mawili kila upande. Chini aliandika: "Hii inavuta 35,000." Kamati ilinyamaza kwa heshima. Mtu akahesabu kwa sauti: tani 35! Mzee mmoja akasema gari hilo linaweza kuhamisha kanisa, na mchungaji akiwa ndani. Ilichukua muda kukumbuka kwamba Wamarekani wanapima kwa paundi, na paundi 35,000 hazifiki hata kilo 16,000. "Basi kanisa bila kwaya," mzee akasema, akarudi kwenye ndagala.

Fundi wetu wa Kavimvira, aliyealikwa kama mshauri, aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Akauliza upana wa gari kwa nyuma. Ni kama mita mbili na nusu. Akatukumbusha madaraja ya njia ya mlimani: mbao za kulia, mbao za kushoto, na katikati unaona maji. "Matairi mawili yatapita darajani," akasema, "mawili yatapita mtoni."

Yeye alikuwa na mgombea wake: Land Cruiser pikapu ya miaka ya 1990 yenye injini ya 1HZ. Lita 4.2, silinda sita, hakuna turbo, hakuna kompyuta. Piese zake zinapatikana kuanzia Bujumbura hadi Bukavu, na makanika yeyote mwenye funguo na tochi anajua pa kuanzia. Hilux mpya za turbo zina nguvu zaidi, hakukataa, na kwenye karatasi zinavuta kilo 3,500 sawasawa na Land Cruiser. Lakini taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi ukiwa katikati ya mlima, nani ataisoma? Ng'ombe? Hapo mimi nilikuwa upande wake, na bado niko. Ila haki ni haki: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kila inapopanda mita mia, kwa kuwa hewa inapungua. Ukitoka ziwani ukafika kwenye mita 2,000, zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu yako imebaki Uvira ikila mikeke.

Kisha Fundi akatuharibia jioni. Akasema zile kilo 3,500 zinazosifiwa ni kwa remoroki yenye breki zake. Isiyo na breki, watengenezaji wanaishia kwenye kilo 750. Tukageuka wote kuitazama remoroki yetu, iliyokuwa imeegeshwa kando ya mwembe. Ilikuwa imeunganishwa na mchomeleaji mmoja kwa ekseli ya Hilux kuukuu. Ilikuwa na rangi mbili, maneno ya baraka ubavuni, hata taa nyekundu. Breki hazikuwamo.

"Na mzigo wenyewe," akauliza Fundi, "una kilo ngapi?"

Nilifungua daftari nikaanza kutafuta, huku nikijua sitaona kitu. Nilikuwa nimeandika bei, rangi, antena, idadi ya matairi, na jina ambalo gari lingepewa. Uzito wa mashine haukuwamo. Tulikuwa tumejadili maelfu ya kilo bila mtu hata mmoja kwenda kujaribu kuinyanyua.

Shangazi alichoka kusubiri, akaazima pikapu ya 1HZ kwa rafiki. Ilitoka Tanzania, kwa hiyo usukani uko kulia, nasi Kongo tunaendesha kulia vilevile. Shoferi wa gari la namna hiyo hawezi kupita gari jingine mpaka aliyekaa kushoto amwambie kama njia ni nyeupe. Aliyekaa kushoto alikuwa Shangazi, na mashine ilikuwa mali yake. Kwake njia haikuwa nyeupe hata mara moja. Kutoka Kavimvira hadi Runingu tulimfuata kwa unyenyekevu mtu wa baiskeli aliyebeba mkaa.

Halafu gari likaanza kuyumba kwa nyuma. Vijana waliopakia walikuwa wameweka injini mwishoni kabisa mwa remoroki ili iwe rahisi kuishusha, na uzito huo ukawa unainua mkia wa gari kwenye ndoano. Fundi alieleza kwamba kama sehemu ya kumi ya uzito wa remoroki inatakiwa ikandamize ndoano. Kupakua upya hakuna aliyetaka. Ikaonekana ni rahisi zaidi kumwomba Baba Mdogo atoke kwenye kabini akakae mbele ya remoroki. Kilo zake hazikutajwa, kwa adabu, lakini gari lilitulia papo hapo. Aliingia Sange akipungia watu mkono.

Kuvuta mlimani hakukuwa shida. Hilo ndilo linalonikera katika mazungumzo yote ya magari ya nguvu: kila mtu anauliza litavuta kiasi gani, hakuna anayeuliza nani atasimamisha. Pikapu ilipanda kwa vitesi ya kwanza ikikoroma, polepole, bila kulalamika. Kisha njia ikateremka kuelekea kijito, remoroki ikagundua kwamba sasa ni zamu yake ya kuongoza. Ikatusukuma. Shoferi akakanyaga breki, remoroki ikageuka ubavu, na Baba Mdogo akajikuta anatazamana na Shangazi kupitia dirisha la kabini.

"Unakwenda wapi?" Shangazi akamuuliza.

Tulisimama salama, gari na remoroki vikiwa vimekunjana njia nzima. Kurudi nyuma na remoroki ni elimu nyingine: ukitaka mkia uende kushoto, usukani unaukata kulia kwanza. Shoferi alilijua hilo. Washauri waliotokea mashambani hawakulijua, na walikuwa wengi. "Kata kushoto!" kwa Kiswahili, "kata kulia!" kwa Kifuliiru, mmoja akitoa amri kwa filimbi tu. Kila amri ilipotekelezwa, remoroki ilijibana zaidi kwenye ukingo, mpaka chuma cha kuvutia kikapinda na Fundi akazima injini bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Wanaume wa hapo hawakushangaa hata kidogo. Wamezoea kubeba wagonjwa kwa kipoyi hadi wanapopata gari, na sasa walikuta gari limeugua. Wakakata miti, Fundi akafungua mashine vipandevipande, gurudumu moja la chuma likaning'inizwa kwenye mti wa watu wanne, kisha la pili. Kiongozi wao akasema bei ni kwa kilo, tukarudi kwenye swali lilelile la chini ya mwembe.

Kwa bahati simu ilishika mtandao, tukampigia mpwa wetu Marekani atafute uzito wa injini. Akautafuta haraka, akapaza sauti kila mtu asikie: "Mia saba na kitu!"

"Mia saba," kiongozi akarudia, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Paundi!" Shangazi akapiga kelele. "Anasema paundi! Kwa kilo haifiki hata nusu!"

Kiongozi akamtazama kwa huruma. "Mama, sisi hiyo paundi hatujawahi kuibeba. Tutakulipisha mia saba, ukifika juu utueleze tofauti."