Kamati ya Darasa la Saba

Ukiwa na mtoto darasa la saba na makazi yako ni Buzebazeba, hapa Kigoma, kuanzia Julai nyumba si yako tena. Ni ya kamati. Hukuichagua, haina mwenyekiti, lakini inakutana kila jioni barazani kwako, tena inakunywa chai yako.

Mtihani wenyewe wa Septemba, wa kumaliza shule ya msingi, tuseme ukweli, ni siku mbili tu. Masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Mtoto akifikisha 121 amefaulu. Kinachomaliza watu ni mitihani inayotangulia huo mtihani. Kuna wa wiki, kuna wa mwezi, kuna wa ujirani mwema (wema wake sijauona, maana shule jirani hutunga maswali ya kukomoana), kisha moko ya kata, ya wilaya, ya mkoa. Na kila mmoja una mchango wa karatasi. Nimenunua rimu mpaka mwenye steshenari pale sokoni ananiita mwalimu mkuu.

Juzi binti kaleta karatasi ya Hisabati imejaa wino mwekundu. Nikaipitia. Swali la sehemu alilolikosa mwezi wa saba kalikosa tena, kwa njia ile ile, mpaka nikahisi kalinakili. Nikamuuliza, "Mwalimu hakuwaonyesha mlipokosea?"

"Baba, tulikuwa hatuna muda. Kesho yake kulikuwa na mtihani mwingine."

Sasa hapo nani anasaidiwa? Mtoto anapimwa, anaandikiwa alikokosa, anapimwa tena. Simlaumu mwalimu, darasa lina watoto wamebanana kama dagaa kwenye kichanja, na yeye naye anasukumwa na walio juu yake. Ila ningepewa ruhusa ningefuta nusu ya hiyo mitihani, na muda wake ukatumika kurudia makosa ya nusu iliyobaki.

Kamati haitaki kusikia hayo. Dada yangu, shangazi yake mtoto, anaamini akili inakaa kwenye kichwa cha samaki. Kila akitoka mwaloni Kibirizi analeta dagaa, na mtoto hana ruhusa ya kuacha kichwa hata kimoja. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 samaki wapumzike na kuzaliana, alitutangazia kwamba darasa la saba la Kigoma nzima limekwisha. Mimi nilichojifunza ni kwamba dagaa wana serikali inayowapa likizo ya miezi mitatu. Binti yangu yuko kambi ya shule mchana, tuisheni jioni, na usiku ananyang'anywa usingizi na mama yake, ambaye humwekea miguu kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie. Nimesema maji hayo hayana Hisabati ndani yake. Nikaambiwa ndiyo maana mimi sikufika mbali.

Mama mkwe naye kaja kutoka Ujiji na kombe: sahani nyeupe, aya zimeandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mtoto kanywa. Jirani yetu mlokole hakukubali kupitwa, kampeleka kwenye mkesha wa maombi mpaka alfajiri. Kwa hiyo tuna ulinzi wa pande zote mbili, na dua sizikatai, lakini sehemu bado zinamtoa jasho, na sasa ana usingizi wa kanisani juu ya usingizi wa tuisheni.

Halafu kuna kijana mmoja wa kijiweni. Huyu kaniita pembeni, sauti ya chini, simu mkononi. Anao "mzigo wenyewe", umetoka juu, nimtumie hela auachilie. Nikamuuliza kama anakumbuka 2018, shule za Chemba kule Dodoma na baadhi za Dar es Salaam zilipofutiwa matokeo kwa kuvuja mtihani, watoto wakarudishwa kurudia Oktoba. Akasema hayo mambo ya Dodoma. Angekuwa anajua majibu ya darasa la saba, si angeanza kwa kufaulu la kwake?

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni hili. Mtoto huyu huyu akikaa kwenye genge la mama yake kupima mawese hakosei. Robo lita, nusu lita, robo tatu, mteja kaja na chupa yake, chenji inarudi sawasawa, na ukijaribu kumpunja anakutazama mpaka unaona aibu. Jumamosi nikachukua lile swali lake la sehemu, nikaondoa magunia ya mahindi nikaweka dumu la mawese. Kalijibu kabla sijamaliza kusoma. Tukageuza na maswali mengine manne, akakosa moja, tukarudia lile moja. Nikasema basi, wiki hii ashinde gengeni na karatasi zake za zamani, tupitie makosa tu. Kamati ikanijia juu: mtoto wa mtihani auze mawese? Watu watasema nini?

Watu waseme. Mimi nimeshaamua. Maswali mengi ya mtihani huu ni ya kuchagua, jibu linatiwa kivuli kwenye fomu inayosomwa na mashine, na mashine haijali umekula vichwa vingapi vya dagaa. Inataka kivuli kilichokolea, na mahali palipofutwa pawe pamefutika kweli. Kwa hiyo yeyote mwenye nia ya kumsaidia binti yangu alete penseli ya HB, kifutio kizuri na kichongeo. Ushauri aubakishe kwake. Na ikifika saa tatu usiku awe ameshaaga, maana saa hiyo mtoto analala.