Kabla Hujamwigiza Mangi

Mwongozo huu ni wako, mdogo wangu uliyeshika kamera, au uliyeitwa jukwaani kuchekesha watu, na umeamua kwamba safari hii hadithi yako itatoka Kilimanjaro. Hongera. Vifaa unavyo tayari, maana karibu kila mtu anatembea na mlima huo kichwani: theluji, tembo, Mmasai aliyesimama kwa mguu mmoja, na mwenye duka anayependa hela kuliko pumzi yake. Tuanze kwa kuutua mzigo huo.

Mwondoe tembo kwanza. Picha ile ya tembo wakipita na mlima mweupe nyuma yao kwa kawaida hupigwa Amboseli, upande wa Kenya. Ni picha nzuri, na tembo hana kosa. Ila Wachaga, wenyeji wa mlima huo, wanaishi upande wa pili, kuanzia Siha na Machame, kupitia Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu, hadi Rombo, ndani ya migomba iliyoshonana kiasi kwamba unaweza kushinda kutwa nzima juu ya mlima huo bila kuuona. Kamera yako iingie humo. Hollywood haikuingia. Mwaka 1936 Hemingway alichapisha hadithi yake ya theluji za Kilimanjaro, na mwaka 1952 Henry King akaifanya filamu, Gregory Peck akiwa mwandishi wa Kimarekani anayeugua kidonda cha mguu huku akiwakumbuka wanawake wake wa Ulaya. Mlima umewekwa nyuma ya mgonjwa. Hadithi yenyewe inatanguliwa na habari ya mzoga wa chui uliokauka karibu na kilele, na tangu hapo chui yule amepata umaarufu ambao mkulima wa Marangu hajawahi kuuonja. Mwaka 1982 kundi la Toto likaimba kana kwamba mlima umesimama juu ya Serengeti, ilhali katikati kuna Mlima Meru, Bonde la Ufa na nyanda za juu za Ngorongoro.

Ukishamwondoa tembo, punguza theluji. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka. Piga picha ya kilele cha leo.

Sasa twende kwa Mangi, yule Mchaga mwenye duka. Huyu hatuwezi kumsingizia Mzungu, tumemtengeneza wenyewe. Yupo kwenye vichekesho, kwenye filamu zetu, kwenye video fupi za simu. Ana duka, ana kikokotoo, anasema "aisee" kila baada ya maneno matatu, na akifa, mtu hudondosha sarafu karibu na jeneza lake ili kuhakikisha kwamba amekufa kweli. Nimekicheka kichekesho hicho, na nitakicheka tena kikisemwa na Mpare, kwa sababu Mpare ni mtani. Mtani anayekusema vibaya ndiye atakayekuja msibani kwako, akufanyie vituko mbele ya wafiwa, kisha akae nao. Mchekeshaji wa kwenye skrini amechukua nusu ya utani, ile inayochekesha, na msibani haendi. Ukitaka kutumia sarafu ile, beba na nusu ya pili.

Halafu jiulize duka lile limetoka wapi. Jibu lake lina filamu tatu ndani yake, na nasikitika kwamba sijaona hata moja. Kihamba ndilo shamba la ukoo: nyumba, migomba, kahawa chini ya kivuli cha mringaringa, ng'ombe bandani, na makaburi ya babu na bibi. Kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza hupewa sehemu yake, na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati huangalia huku na huku, akaona ardhi imekwisha. Huyo ndiye aliyepanda basi kwenda Songea, Mwanza au Kariakoo. Kwa hiyo, kabla hujamwandikia Mangi wako neno moja la kuhesabu hela, mpe kaka na mdogo wake. Andika onyesho la baba akigawa kihamba, yeye amekaa katikati ya ndugu wawili, akingoja jina lake. Ukiliandika vizuri, hatakuwa na haja ya kikokotoo.

Weka kahawa pia, lakini siyo kama pambo la kikombe. Walowezi wa Kizungu walipinga Waafrika kulima kahawa mlimani, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha mlimani. Kahawa ndiyo iliyolipa ada, ikajenga shule, ikawatoa watu kwenda kusoma. Kisha mfumo wa kimataifa wa kugawana masoko ulivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na wapo waliong'oa mikahawa iliyopandwa na babu zao. Mzee anayeinua jembe juu ya mkahawa wa baba yake ni onyesho linaloweza kubeba filamu nzima, na halihitaji muziki.

Manka naye. Mhusika wa mke wa Kichaga anayemwekea mume sumu ili arithi nyumba mfute kabisa, wala usimrekebishe. Amewaumiza wanawake wa kweli, hasa wanaoitwa Wamachame, ambao wakifiwa hutazamwa kwa jicho la pembeni hata kabla matanga hayajaisha. Badala yake mwandike binti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua kuwa na haki sawa na kaka yake. Kikao cha ukoo mara nyingi hakimtambui. Amekua akibeba majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare, anakijua kila kipande cha kihamba, na siku ya kugawa anaambiwa akapike. Nipe filamu hiyo, nitakuja na majirani.

Ukikosa ugomvi mkubwa wa kumalizia, maji yapo. Mababu walichimba mifongo ya kuteremsha maji kutoka mito ya msituni hadi mashambani, kabla ya Mjerumani kufika, na mfongo una zamu. Mtu akifungulia maji usiku wakati siyo zamu yake, utapata kelele kubwa kuliko za filamu yoyote ya bastola.

Na ugomvi ukishakolea, mlete mzee mwenye jani la isale. Hapa usiharakishe. Isale ni mmea unaopandwa mipakani mwa kihamba na penye makaburi. Aliyekosa huja na jani lake, au humtuma mzee alipeleke kwa aliyekosewa, na kwa desturi jani hilo halikataliwi hivi hivi. Fikiria ndugu wawili waliogombea mpaka. Kaka ameng'oa isale usiku ili asogeze alama, na miaka imepita. Sasa mdogo wake anaumwa, na kaka hana cha kumpelekea isipokuwa jani la mmea uleule alioung'oa. Watunzi wa kwingineko wangetoa pesa nyingi kuipata alama kama hiyo. Sisi tunayo uani, na bado tunaandika sarafu na jeneza.

Jina lenyewe la Mangi lilikuwa la mtawala. Mangi Meli wa Old Moshi aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, wakarudi na nguvu zaidi, na mwaka 1900 wakamnyonga. Inasemwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia yake imekuwa ikikitafuta. Mwigizaji wako anayeuza sukari ya robo kilo aijue habari hiyo kabla ya kusimama nyuma ya meza ya duka.

Yamebaki madogo. Usiwape wote lafudhi moja: mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakiongea kila mmoja lugha ya kwao, huelewana kwa shida. Wapagazi wa wapanda mlima wasionekane wakati wa kuimba tu. Waonyeshe wakipanda na mizigo, na mwishoni majina yao yaandikwe pamoja na ya waigizaji. Pombe ya mbege iwe mbege kweli, ya ndizi na ulezi, siyo maji ya rangi.

Filamu ikikamilika, usianzie Dar es Salaam. Ionyeshe Old Moshi, Kibosho au Mkuu, kwenye ukumbi wa parokia au uwanja wa shule, nawe ukae nyuma na daftari. Bibi akisema kwamba mbege haichujwi hivyo, au mzee akisema hakuna mtu anayepeleka isale akiwa amesimama vile, andika, kisha rudi mlimani ukalirekodi onyesho hilo upya.