Yah: Ombi la Kuruhusiwa Kusaidiwa

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ufundi,
World Triathlon,
Lausanne, Uswisi.

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza salamu. Sisi wa Tabora hatujambo, tumbaku iko sokoni na miembe inatoa maua.

Mimi ni mwanamichezo wa triatloni. Mtaani kwetu nalisema hilo kwa sauti ya chini, kwa sababu ukimweleza mtu kwamba unajifua kuogelea mita 1,500, kisha baiskeli kilomita 40, kisha mbio kilomita 10, bila kupumzika na bila kulipwa, atakuuliza unadaiwa na nani. Habari za kuogelea nisiwachoshe nazo: mji wetu hauna ziwa, maji tunayoletewa kwa bomba kutoka Ziwa Victoria ni ya kunywa, na bwawa la Igombe lina wenyewe. Kukimbia hakujawahi kumshinda mtu wa huku. Ninachowaandikia ni baiskeli.

Kanuni zenu nimezisoma kwa makini, kama mtu anavyosoma mkataba wa mkopo baada ya kusaini. Mshindani akiharibikiwa njiani, ajitengenezee mwenyewe. Mshindani mwenzake anaruhusiwa kumpa vitu vidogo, kama pampu, tyubu au vifaa vya kuzibia pancha, lakini si kitu ambacho mtoaji akikikosa naye atakwama, kama gurudumu au baiskeli nzima. Mtazamaji, mpita njia, jirani na shemeji wasimguse. Na mshindani mwenyewe haruhusiwi kusonga mbele bila kuwa na baiskeli yake. Aikokote, aibebe, lakini asiiache.

Hiyo ya mwisho sina ugomvi nayo. Mpagazi yeyote wa Kinyamwezi wa karne ya 19 angeielewa bila kusomewa. Hizo nyingine ndizo zinazonipa shida, na naomba nieleze shida yenyewe ilivyo.

Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa barabara ya Urambo, nimeinama kama mnavyofundisha, kichwa chini, miguu inazunguka. Kijiti kikarukia gurudumu la nyuma. Kikabeba kile kidude cha kuhamishia cheni kutoka gia moja hadi nyingine, kikakizungusha mara moja kwenye spoku, na kishikio chake kikakatika pale pale. Wataalamu wanasema kishikio hicho kimetengenezwa makusudi kiwe laini, kivunjike chenyewe ili fremu ipone. Nawapongeza waliokibuni. Wangenipongeza na mimi kama wangeona jinsi kilivyotii.

Vifaa nilikuwa navyo: tyubu, pampu ndogo, viraka, gundi. Kila kitu isipokuwa kilichotakiwa. Baiskeli yenyewe ni mtumba kutoka Dar es Salaam, na bei yake siitaji hapa kwa kuwa mama yangu mzazi anajua kusoma.

Sasa, Mwenyekiti, angalieni jinsi kanuni zenu zilivyovunjwa mfululizo bila mimi kufungua mdomo.

Wa kwanza kufika alikuwa mchoma mkaa, anasukuma Phoenix yenye magunia matatu. Mtu mwenye mzigo huo hasimami ovyo, maana kusimama kwake ni kazi na kuanza upya ni kazi mara mbili. Alisimama. Akachomoa gongo lake la panda, akaiegemeza baiskeli, akajifuta jasho, ndipo akasema, "Mwangaluka." Nikaitika. Akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za huko nilikotoka. Wakati salamu zinaisha, washindani wenu wangekuwa wameshavua helmeti na kuvaa viatu vya kukimbilia. Kisha akaitazama baiskeli yangu kwa muda, akasema, "Pole. Mbele hapo kuna mzee." Akauacha mkaa wake barabarani, peke yake, akanisindikiza.

Njiani mama mmoja aliyetoka shambani akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Najua. Maji ni ya kwenye vituo rasmi tu. Nilikunywa yote.

Mzee tulimkuta chini ya mwembe: sanduku la mbao, karai la maji ya kutafutia pancha, tairi kuukuu zimetundikwa tawini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Hiki umekitoa wapi?"

Akaipindua baiskeli kichwa chini miguu juu. Mjukuu wake, wa darasa la kwanza, akaitwa aje ashike pedeli. Mzee akachukua msumari, akausugua ncha kwenye jiwe mpaka ukawa butu na mwembamba. Akalaza cheni juu ya nati kubwa, tundu la nati likiwa chini ya pini, akagonga. Nyundo yake haina haraka: anagonga, anatazama, anasogeza, anagonga tena. Pini ikatoka upande mmoja bila kuanguka, jambo ambalo mimi na kifaa changu cha kununua hatujawahi kuliweza. Akaondoa vipande vya cheni, akafupisha, akaipitisha kwenye meno ya katikati moja kwa moja, kile kidude akakiacha nje kabisa, akairudisha pini kwa mapigo yale yale. Mtoto akazungusha pedeli. Gurudumu likaimba.

"Na gia zangu?" nikauliza.

"Huku mlima uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Tabora iko juu, mita kama 1,200, lakini iko juu kwa usawa. Mzee akanikabidhi kidude kilichovunjika pamoja na vipande vya cheni, vimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. "Sasa ni baiskeli," akasema. Nilipouliza bei akanitajia ya kuziba pancha moja, tena akaona aibu kidogo, kwa kuwa kuziba pancha kuna kazi zaidi.

Hapo ndipo naomba Kamati yako inifanyie hesabu. Mchoma mkaa ni kosa. Mama wa maji ni kosa. Mzee ni kosa kubwa. Huyu wa darasa la kwanza, hata hivyo, nimemfanyia utafiti. Katika Tour de France ya mwaka 1913, Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa mbele akiteremka mlima Tourmalet. Aliikokota baiskeli kwa miguu zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua chuma kwa mikono yake mwenyewe huku wasimamizi wa mashindano wamesimama mlangoni wanamchunga asisaidiwe. Saa zikapita. Mikono miwili haitoshi kushika nyundo na kuvukuta moto kwa pamoja, basi mtoto wa pale akamvukutia. Wakamtoza dakika 10, baadaye wakapunguza zikawa 3.

Kwa kuwa mjukuu wa mzee hakuvukuta chochote, alishika pedeli tu, naomba adhabu yake isizidi dakika 2.

Mtasema Tour de France si mchezo wenu. Sawa. Turudi basi kwenye mchezo wenu na kwenye barabara yetu, kwa maana barabara hii si ya jana. Ni kipande cha ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka kwenye orodha ya awali ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia. Mkitaka kujua kanuni yenu ingefanya nini huku, faili zipo.

Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa amekwama Ujiji, mgonjwa, na bidhaa alizotumiwa zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzilinda. Henry Morton Stanley akafika na vitambaa, dawa na chakula. Msaada wa mtu asiye mshindani: Livingstone aondolewe. Wakaja wote Kwihara, kilomita chache kutoka mjini kwetu, na Machi 1872 Stanley akaenda zake pwani, akamtafutia mwenzake wapagazi na kuwapandisha huku. Livingstone akawasubiri hadi Agosti ndipo akaondoka. Aondolewe tena. Miaka kumi na zaidi baadaye Annie Hore, mke wa mmisionari, alisafirishwa hadi Ziwa Tanganyika akiwa na mwanawe mdogo katika kiti cha magurudumu, na kitabu chake cha mwaka 1886 kimepewa jina kwa heshima ya kiti hicho. Yaliyokifikisha ni mabega ya wapagazi, ambayo kwenye jina hilo hayamo. Yeye mumpe onyo tu, alikuwa na mtoto.

Halafu kuna kesi ya Cozumel. Septemba 2016, katika mashindano yenu huko Mexico, Jonathan Brownlee alikuwa anaongoza, jua likamzidi, akaanza kuyumba karibu kabisa na mwisho. Kaka yake Alistair akamshika, akamkokota, akamsukumia ng'ambo ya mstari. Henri Schoeman wa Afrika Kusini alikuwa ameshawapita na kushinda. Dunia nzima ikalia machozi, Wahispania wakakata rufaa, rufaa ikakataliwa kwa kuwa msaada wa mshindani kwa mshindani ulikuwa haujakatazwa. Nanyi mkafanya nini? Mkarekebisha kanuni, kumsogeza mwenzako kwa mikono kukawa marufuku.

Sasa nina wasiwasi na Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wao na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Oktoba mwaka huo walipita hapa Unyanyembe. Wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyetumwa kuja kumsaidia marehemu, naye akawashauri wauzike mwili huku huku. Wakakataa, wakaendelea, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Huko ni kumsogeza mshindani kwa mikono, tena mshindani ambaye kwa vyovyote alikuwa ameshajiondoa. Westminster Abbey, alikozikwa, wangerudisha maiti au wangetozwa faini?

Wala simwuzii mtu hadithi tamu. Njia hii hii ilipitisha watu waliofungwa minyororo shingoni, ambao hakuna aliyewaambia pole. Na wapagazi wa ujira walibeba karibu kilo 30 kila mmoja, pembe kwenda pwani, vitambaa kurudi, huku misafara yao ikilipishwa hongo na kila mkubwa wa Ugogo aliyekuwa na kisima. Ukarimu wa huku haukuletwa na hali ya hewa. Uliletwa na watu waliokuwa wanajua njia hii inamfanya nini mtu aliyeachwa nyuma na msafara, na desturi yao ndiyo iliyomsimamisha mchoma mkaa na magunia yake matatu. Kumwambia apite asinitazame, kwa sababu Lausanne wameagiza hivyo, ni kumtukana. Nami sina ujasiri huo, hasa nikiwa nimevaa ile nguo yenu ya kubana.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Katika mashindano yenu ya vigogo mnaweka vituo rasmi vya kubadilishia magurudumu, na hakuna anayesema huo ni udhaifu. Ni kwamba tu msaada umevaa fulana ya kamati. Naomba mwembe wowote wenye fundi utambuliwe kuwa kituo rasmi, fundi apewe fulana, na karai lake likaguliwe mara moja kwa mwaka. Naomba saa isimame wakati wa salamu, na mtu aliyepokea "pole" asihesabiwe kuwa amesukumwa. Kuhusu maji ya kikombe cha bati, ikishindikana kabisa nitayarudisha.

Na kama Kamati ina shaka na maelezo haya, itume mkaguzi. Apande treni ya reli ya kati, ashuke Tabora, achukue baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba na gia zote, aelekee Urambo peke yake bila gari la nyuma. Nimewasomea kanuni watu wa barabarani, wameielewa vizuri kuliko nilivyotegemea. Kijiti kikimrukia, hakuna atakayemgusa. Mchoma mkaa atasimama, ataegemeza baiskeli, atamuuliza habari za nyumbani, za kazi, za huko Uswisi, kwa utaratibu, mpaka ziishe. Kisha atamuuliza habari za mke na watoto. Salamu, kwa jinsi nilivyosoma, bado hamjazikataza.

Wako katika mazoezi,

Mwenye gia moja,
Tabora.

Nakala: Fundi, chini ya mwembe, barabara ya Urambo (asomewe na mjukuu).