Msanii Wetu

Uchaguzi ukikaribia, mheshimiwa hupenda muziki ghafla. Tangu Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji iusindikize muungano wa NARC hadi Ikulu mwaka 2002, kila mgombea wa Eastlands, Nairobi, anataka wimbo wake. Hapa Dandora, lilikotoka kundi la rap la Kalamashaka, wasanii tunapandishwa lori, spika zikikoroma, jenereta ikitukoholea moshi usoni. Jina lake litajwe kila ubeti; mitaro iliyoziba isitajwe kabisa, itaharibu biti.

Malipo? Fulana yenye sura yake, saizi ya mtoto, na ahadi ya studio ya vijana. Studio hiyo imeshafunguliwa mara kadhaa, zote jukwaani.

Nikamwuliza mpambe wake habari za mirabaha. "Wewe ni msanii wetu, bwana!" Nikamwomba ampigie landilodi amweleze hivyo.