Mashujaa Ishirini na Wawili Chini ya Mguu wa Meza

Fedheha iliyonipata Jumamosi iliyopita adhuhuri, uani kwa jirani yangu katika mtaa mmoja wa mji wa Melbourne, bado haijapoa. Kwani karatasi niliyoiandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, yenye majina ya wachezaji 22 walio bora tangu mpira wa Kiaustralia ulipoasisiwa, ilisomwa kwa sauti mbele ya wazee wa mtaa na mbwa mmoja, ikachekwa, ikapitishwa mkono kwa mkono ili asiyesikia vyema apate kuisoma kwa macho yake na kuicheka upya, kisha mwenye nyumba, pasipo inda wala ubaya moyoni, akaikunja mara nne na kuitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukichezacheza. Meza ikatulia. Huo ndio utumishi pekee ambao kikosi changu kimepata kuutoa mpaka hivi sasa.

Msomaji asidhani kwamba kupanga kikosi cha wakati wote ni porojo la wavivu. Katika mji ule jambo hilo ni mahakama, tena mahakama isiyofunga milango: wafu hufufuliwa, wazee hurejeshwa ujanani, magoti yaliyovunjika huungwa, na kila mtu mwenye kiti na kinywaji huwa kadhi. Mwaka 1996, ligi yao ilipotimiza miaka 100, iliketi kamati rasmi ikatangaza Kikosi cha Karne, nahodha akiwa Ted Whitten, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kocha akiwa Norm Smith, naye marehemu. Na tangu siku hiyo sijapata kukutana na nyumba hata moja iliyoridhika na hukumu ile. Wote wamekata rufaa, na rufaa husikilizwa nyama ikiwa jikoni.

Nami sikulivamia jambo hili kwa pupa. Nilijifunza kwanza mchezo wenyewe, na hapo ndipo nilipopotea, kwa maana sijaona kitu kilichotungwa na wanadamu kilicho cha ajabu kuliko hicho. Kanuni zake za awali, nazo zilikuwa 10 tu, ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Kiwanja kina umbo la yai, na mpira nao una umbo la yai, hata ukidunda hakuna ajuaye utaelekea wapi, wala wenyewe hawaoni kwamba hilo ni kasoro. Kila upande una watu 18. 15 kati yao wamepangwa katika safu tano za watatu watatu, na watatu waliosalia hawana makao maalumu bali huufuata mpira popote uendapo: wa kwanza jitu refu ambalo huruka angani mwamuzi anapoutupa mpira juu, wa pili msaidizi wake, na wa tatu mtu mfupi mwepesi, ambaye kazi yake ni kungoja miguuni pa jitu lile aokote kitakachoanguka. Sheria ya kuotea haipo. Mpira hupigwa teke, au huwekwa kiganjani ukapigwa ngumi, lakini kuurusha kwa mkono ni haramu. Tena mtu akiudaka mpira uliopigwa teke na kwenda mita 15 bila ya kuguswa na yeyote, basi papo hapo hupata amani. Hasimami mtu kumghasi mpaka apige teke lake kwa raha zake. Ndiyo sababu wanapandana mabegani. Katika fainali ya mwaka 1970, mbele ya watu 121,696, Alex Jesaulenko wa Carlton alimpanda mgongoni Graeme Jenkin wa Collingwood akaudaka mpira huko juu, na kitendo ambacho barabarani kingempeleka mtu kituo cha polisi, hapo kilimpatia sifa isiyokufa.

Lakini lililonikosesha usingizi ni hesabu ya mabao. Upande wa goli kuna nguzo nne zilizo wima, bila ya mwamba juu yake: mpira ukipita kati ya zile mbili ndefu za katikati ni pointi 6, na ukikosea ukapita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, hupewi sifuri unayoistahili, unapewa pointi 1. Ni mchezo unaomlipa mtu kwa kukosea! Mwamuzi wa goli husimama mahali pake kwa haiba ya mshenga, akaashiria kwa vidole, kisha akapunga bendera mbili nyeupe kwa goli, au moja kwa kosa. Na asije mtu akasema kwamba hiyo pointi moja ni sadaka ndogo. Kwani katika fainali ya mwaka 1966, St Kilda na Collingwood wakiwa sawasawa kwa pointi 73 na muda unayoyoma, Barry Breen alipiga teke lisilo na uzuri wowote, mpira ukajiviringisha ukapita pembeni, na St Kilda wakawa mabingwa kwa 74. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1873, na huo ndio ubingwa pekee ilioupata mpaka leo. Waliupata kwa kukosea. Mimi nayaona haya kuwa ni hikima kubwa, na nilijaribu kulieleza baraza hilo Jumamosi, walakini walikuwa wakinitazama kwa namna watu wamtazamavyo mgeni anayewaeleza kwamba bahari yao ina chumvi.

Nirudi kwenye karatasi. Kicheko kilianzia kwenye nafasi ya mbele kabisa ya goli, ambapo nilimweka Gordon Coventry wa Collingwood, aliyefunga magoli 1299 kati ya mwaka 1920 na 1937. Wakapiga kelele kwa pamoja: Coleman! Nami namjua John Coleman wa Essendon. Magoli 537 katika mechi 98, 12 kati yake katika mechi yake ya kwanza kabisa mwaka 1949, mpaka goti lilipomwangusha mwaka 1954 akiwa na umri wa miaka 25. Kwa wastani wa kila mechi anamshinda Coventry, sikatai. Nilisema tu kwamba kudumu nako ni ubora. Mzee mmoja akaweka uma chini, akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi, “Tatizo lako, rafiki yangu, ni kwamba hukumwona Coleman akicheza.”

Nikamwuliza yeye alizaliwa mwaka gani. Akasema 1955.

Hapo nikatambua kwamba nimeingia katika elimu ninayoijua tangu utotoni, elimu ya upokezi: huyu kapokea kwa baba yake, baba kapokea kwa amu yake, na amu alikuwapo uwanjani siku ile, nyuma ya bwana mwenye kofia pana. Wanavyuoni wetu wakiletewa riwaya huuliza kama wapokezi ni waaminifu, kama kumbukumbu yao ni timamu, na kama kweli walikutana. Ilhali wapokezi hawa, kwa ushahidi wao wenyewe, walikuwa wakinywa bia tangu robo ya kwanza. Walakini riwaya yao ilisihi, na yangu, iliyotoka vitabuni ikiwa na tarehe na hesabu, ilikataliwa, kwa kuwa babu yangu hakupata kuona mpira usio wa duara maishani mwake.

Na hili, ukiondoa mzaha, linaniudhi kwa dhati. Maana asiye na wapokezi katika baraza lile huwa hakucheza. Barrie Robran wa Adelaide alitwaa mara tatu medali ya Magarey, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya kwao, lakini hakwenda kucheza ligi ya Melbourne, na kwa hiyo kikosi rasmi cha 1996 hakikuwa na nafasi yake. Katika kikosi hicho hicho, miongoni mwa wenyeji asilia wa nchi ile alipatikana mmoja tu, Graham Farmer, Mnoongar wa Australia Magharibi, ambaye aliifanya pasi ya ngumi kuwa silaha ya kushambulia. Mimi nilimweka pia Adam Goodes, naye miongoni mwa wenyeji hao, mshindi wa medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa ligi, mwaka 2003 na 2006. Jina lake lilipofikiwa hawakucheka; walikohoa. Mtu huyo alizomewa kiwanja kwa kiwanja mpaka akaacha kucheza mwaka 2015, na ligi pamoja na klabu zake 18 wakaja kuomba radhi mwaka 2019, miaka minne baadaye, ambapo radhi haikuwa na la kuponya uwanjani. Waliomzomea ndio wapokezi wa kesho. Wajukuu wao watapokea nini?

Waama nilikuwa na upendeleo wangu pia, na sioni haya: beki wangu wa akiba ni Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma, Kenya, akafika kuchaguliwa katika kikosi bora cha Australia nzima mwaka 2021.

Wala hukumu haikuishia uani: kinyozi, aliposikia kwamba gwiji Leigh Matthews nimemweka benchi, alininyoa upande mmoja kwa kicheko na wa pili kwa hasira. Muuguzi aliyekuwa akinipima shinikizo la damu alitaka kujua gwiji mwingine, Bob Skilton, yuko wapi katika kikosi changu, na shinikizo likapanda.

Rekodi ya Coventry ilisimama mpaka mwaka 1999, ilipovunjwa na Tony Lockett, aliyemaliza na magoli 1360. Wafungaji hao wawili ndio wenye magoli mengi kuliko wote katika historia ya ligi, na wote wawili hawamo katika Kikosi cha Karne, hata benchi. Katika changu Coventry anasimama mbele kabisa ya goli, Coleman anangoja zamu yake akiwa na goti zima, na mwenye kutaka kukata rufaa na aje, ila aje na hoja yake mwenyewe na amwache baba yake nyumbani.