Nipe Nikupakatie

Watu wa bara wakijua kwamba nasafiri na laptopu hunipa ushauri wa wizi. Usiitoe Kariakoo. Usiiweke karibu na dirisha kwenye foleni, watapitisha mkono. Mkoba uvae kifuani, usiuvae mgongoni. Nawashukuru, na nikiwa Dar es Salaam nawatii. Lakini mimi kwetu Wete, na njia yangu ni Wete, Chake, Mkoani, kisha bahari mpaka Unguja. Katika njia hiyo mwizi wa laptopu nitamsubiri sana. Kinachoimaliza laptopu Pemba ni wema wa watu.

Panda gari ya 606 asubuhi uone. Gari imejaa, umesimama umeinama kwa sababu aliyejenga paa lile hakufikiria kwamba abiria ana shingo. Mkono mmoja umeshika chuma, wa pili umeshika mkoba. Hapo bi mkubwa aliyekaa ananyoosha mikono: "Nipe nikupakatie, mwanangu."

Huwezi kukataa. Ukikataa umemwita mwizi mbele ya gari nzima, na akifika kwao atauliza wewe mtoto wa nani, na atajibiwa. Basi unampa. Yeye tayari amempakata mjukuu, na mjukuu amepakata pakacha la shokishoki. Mkoba unatafutiwa nafasi hapo katikati, juu ya pakacha na chini ya viatu vya mtoto. Unamwambia kwa adabu, "Bibi, humo mna kompyuta." Anakujibu, "Wala usitie wasiwasi, sitaifungua." Kisha anausimamisha mkoba wima, anauegemezea kidevu, na analala.

Afadhali yeye kuliko utingo. Utingo akikuona unahangaika na mkoba, anauchukua bila kukuuliza na kuurusha kwenye keria. Huko juu kuna baiskeli, kuna ndizi, na ukiwa msimu wa mavuno kuna magunia ya karafuu. Jaribu kumwambia alisogeze gunia kwa ajili ya laptopu. Karafuu ina ZSTC ya kuinunua na KMKM ya kuilinda baharini isivushwe kwa magendo. Laptopu yangu ina mimi tu, nami niko chini nimeinama.

Ukifika Mkoani unapokelewa na hamali. Hujateremka vizuri, mkoba umeshapanda kichwani mwake. "Huo niachie, nitaubeba mwenyewe." "Usijali shehe, mimi nipo." Anadhani unataka kumkosesha riziki, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Nimeona njia moja tu inayofaa: mpe begi la nguo, umlipe kana kwamba amebeba yote mawili, halafu ushike njia yako na laptopu yako. Ni ghali, lakini fundi ni ghali zaidi.

Boti nayo ina kanuni zake. Mizigo hulundikwa pamoja, na lundo hilo halina adabu. Wa kwanza kuweka ndiye atakayekuwa chini. Kaa na mkoba wako, uweke miguuni au mapajani. Na wakati wa kusi, boti ikishaiacha Mkoani na kuingia bahari iliyo wazi, ndipo utakapojua kwa nini mabaharia hupita wakigawa vifuko. Jirani yako atatapika. Hilo halina mjadala. Cha kujadili ni upande gani. Ndiyo maana nashauri laptopu ifungwe kwa kitu kisichopitisha maji kabla ya kuingia mkobani. Mifuko ya plastiki huku kwetu ilipigwa marufuku mapema kuliko bara, ambako walingoja hadi Juni 2019, kwa hiyo tafuta mfuko wa turubai au mpira. Na maji ya chumvi yakishaingia, tafadhali usiiwashe eti kuangalia kama bado nzima. Kuiwasha huko ndiko kunakoiunguza. Izime kabisa, chomoa chaji, mpelekee fundi.

Wenye uwezo hupanda ndege uwanja wa Karume. Ndege zenyewe ni ndogo, na nyingi hukuruhusu kilo 15 tu, mkoba wa mkononi ukiwa ndani yake. Mama amekufungia ndizi, shangazi amekufungia asali, na mzani haujui heshima. Wote wanatazama laptopu yako, kwamba si ndiyo nzito, kwa nini usiiache?

Nao wakubwa wa dunia hawana msimamo. Machi 2017 Marekani iliwakataza abiria wanaotoka viwanja kadhaa, Dubai na Doha vikiwamo, wasiingie na laptopu ndani ya ndege. Zikae chini kwenye mizigo, zisije zikawa bomu. Miezi michache baadaye marufuku ikaondolewa. Leo ukienda Muscat kusalimia ndugu utaambiwa kinyume chake: pawabenki na betri za akiba ni mwiko kuziweka kwenye mizigo ya chini, kwa sababu betri za lithiamu zikishika moto huko hakuna wa kuuzima. Hapo nakubaliana nao. Tena laptopu izime kabisa kabla ya kuifungia mkobani, usiiache imelala tu, maana hupata joto humo.

Ukishafika kwa wenyeji, usidhani umepona. Mwenyeji wako wa Chake ataichomeka chaji bila kuambiwa, kwenye soketi moja na friji, kwa mapenzi tu. Umeme wetu tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, karibu kilomita 78, na ni neema kubwa kuliko majenereta ya dizeli ya zamani. Lakini ukikatika na kurudi, hurudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa, ukirudi, subiri taa zitulie. Na nywila iweke, kwa sababu watoto wa wenyeji wataitafuta katuni mpaka ndani ya hesabu za ofisi.

Nina ombi moja kwenu nyote mnaovuka na kazi zenu. Nakilini kila kitu kwenye flashi, na flashi hiyo muitie mfukoni mwa kanzu au mumwachie mtu nyumbani. Nawaona mnaiweka kwenye mkoba ule ule wa laptopu, mkoba ukizama vizame vyote. Fanyeni usiku huu, umeme ungalipo.